Voodoo 5 6000: Kadi Iliyosubiriwa Mwaka Mzima na Dukani Haikufika

Wadau wa magemu, tetesi za kadi mpya ya grafiki zikishaanza mambo huwa ni yale yale. Mara picha ya ubao imevuja, mara bei, mara eti itakula umeme kama pasi. Kabla RTX 4090 haijatoka Oktoba 2022, habari zilizokuwa zinazunguka ni kwamba itakula wati 600. Ilipotoka ikawa 450. Wengi wanadhani mchezo huu umeletwa na mitandao ya kijamii. Wapi! Kuna kadi moja ilisubiriwa kabla hata hiyo mitandao haijazaliwa, na kusubiriwa kwenyewe kulichangia kuiua kampuni iliyokuwa inaitengeneza.

Kampuni hiyo ni 3dfx. Ilianzishwa mwaka 1994 kule San Jose, California, na jamaa ambao baadhi yao walishafanya kazi Silicon Graphics, ile kampuni ya mashine za picha za bei mbaya zilizotumiwa na studio za filamu na wahandisi. Wazo lao lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulifanya: uwezo ule uingie kwenye kompyuta ya mtu wa kawaida. Mwanzoni chipu yao ilikwenda kwenye mashine za magemu za kuchezea kwa sarafu, kwa sababu kumbukumbu ilikuwa ghali mno. Mwaka 1996 bei ya kumbukumbu ikaporomoka, ndo ikatoka kadi ya nyumbani iliyoitwa Voodoo.

Kadi yenyewe ilikuwa kituko kidogo. Haikujua kuonyesha picha za kawaida za kompyuta, ilijua 3D tu. Ilibidi ubaki na kadi yako ya zamani, halafu uunganishe hizi mbili kwa waya nyuma ya kompyuta. Lakini mtu akishaona gemu la Quake likicheza humo, lile la mwanzo lililokuwa limejaa vidoa sasa linateleza kama maji, waya anausahau. Mwaka 1998 ikaja Voodoo2, na hapo wakaongeza utundu: unaweza kufunga kadi mbili kwa pamoja, moja ikachora mistari ya witiri ya picha na nyingine mistari ya shufwa. Waliita SLI. Mwenye Voodoo2 mbili mwaka ule alikuwa bosi wa mtaa.

Sasa hapa ndipo majivuno yalipoingia. Mpaka wakati huo 3dfx walikuwa wanauza chipu, na kampuni nyingine kama Diamond na Creative ndizo zinatengeneza kadi na kuzipeleka sokoni. Desemba 1998 wakatangaza kuinunua STB, watengenezaji wa kadi wenye kiwanda Ciudad Juárez, Mexico, ili waanze kujitengenezea kila kitu. Kwa lugha nyepesi, waliokuwa wateja wao jana wakageuka washindani wao leo. Wale hawakukaa kulia, walihamia kwa mpinzani anayeitwa NVIDIA. Ni kama mwenye kinu aamke asubuhi afungue mgahawa wake mwenyewe halafu ashangae mama ntilie wote wamehamia kinu cha ng'ambo ya barabara.

Voodoo3 ya 1999 ilikuwa na mbio, lakini ilichora gemu kwa rangi za biti 16 wakati washindani wameshafika 32. Jibu la 3dfx lilikuwa kwamba mchezaji anahitaji mbio kuliko rangi. Kwa wakati ule hawakuwa wamekosea sana, maana magemu mengi yakiwekwa biti 32 yalikuwa yanakwama. Ila soko halinunui hoja, linanunua namba iliyoandikwa kwenye boksi. Oktoba mwaka huo NVIDIA wakatoa GeForce 256, chipu iliyofanya yenyewe mahesabu ya maumbo na mwanga yaliyokuwa yanafanywa na ubongo mkuu wa kompyuta. 3dfx hawakuwa na kitu cha kujibu dukani. Kwa hiyo wakajibu kwa ahadi.

Ahadi ilitolewa Novemba 1999 kwenye maonyesho ya Comdex, Las Vegas. Chipu mpya iliitwa VSA-100, na sifa yake kubwa ni kwamba chipu moja isipotosha unaongeza nyingine ubavuni. Voodoo 4 ingekuwa na moja, Voodoo 5 5500 mbili, na kileleni akae mfalme, Voodoo 5 6000, mwenye chipu nne na megabaiti 128 za kumbukumbu. Bei, takribani dola 600. Kwa mwaka 1999 hizo zilikuwa namba za kuchekesha. Ubao wenyewe ulikuwa mrefu hatari na umeme wa ndani ya kompyuta ulionekana hautautosha, kwa hiyo kadi ingekuja na adapta yake ya kuchomeka ukutani. Wakaipa jina kabisa, Voodoo Volts. Wapinzani walicheka, mashabiki wakaona ni ushahidi kwamba hili dude si la kawaida.

Kuanzia hapo tetesi zikashika usukani. Tovuti za mashabiki ziligawanya kila kipande cha habari: tarehe, picha za majaribio zikionyesha kingo za maumbo zilivyolainika, makisio ya kasi. Hizo kingo laini hazikuwa uongo, ndicho kitu Voodoo 5 ilikuja kukifanya vizuri kuliko wenzake. Kilichokuwa hakisemwi kwa sauti ni kuhusu zile megabaiti 128. Kila chipu ilishika zake 32, na picha za kuvalisha kuta na watu wa kwenye gemu ilibidi zinakiliwe kwa kila chipu. Yaani sehemu kubwa ya kumbukumbu ilikuwa inabeba kitu kile kile mara nne. Gemu lilikuwa linapata pungufu sana ya kile boksi lilichoahidi.

Na wakati watu wanasubiri, hawanunui. Hii ndiyo sehemu ambayo mashabiki wa tetesi huwa hawaitazami. Ukishamwambia mteja kwamba kesho kuna kitu cha ajabu, Voodoo3 iliyoko rafuni leo inageuka mzigo. 3dfx sasa walikuwa na kiwanda, wafanyakazi na kadi zao wenyewe za kulipia, sio chipu tu kama zamani. Kila mwezi wa kuchelewa ulikuwa unatoka mfukoni kwao.

Na walichelewa kweli. NVIDIA walikuwa wanatoa kitu kipya karibu kila miezi sita, na Aprili 2000 wakatangaza GeForce 2 GTS. Voodoo 5 5500 ilifika madukani katikati ya mwaka huo, ikiwa kadi nzuri iliyokuja kugombana na adui ambaye si yule iliyopangiwa. Mwezi Julai ATI nao wakaja na Radeon. Yule mfalme wa chipu nne akabaki kwenye matoleo ya majaribio, leo ubao huu, kesho ubao ule uliorekebishwa. Mashabiki wakahamishia matumaini kwenye jina lingine, Rampage, chipu ambayo ilikuwa imeshaanza kuzungumzwa miaka kabla. Tetesi ikishindwa, inazaa nyingine.

Novemba 2000 kampuni ikasema inaachana na biashara ya kutengeneza kadi, inarudi kuuza chipu. Too late, kama wasemavyo vijana. Desemba 15, 2000 ikatangazwa kwamba 3dfx inafungwa na mali zake za kiteknolojia zinauzwa kwa NVIDIA, yule yule. Mwaka 2002 ikaingia kwenye ufilisi rasmi.

Aliyeumia zaidi ni nani? Si yule aliyekuwa anasubiri 6000, huyo hela yake alibaki nayo. Ni yule aliyenunua 5500 mwezi wa saba, akaingia mwaka mpya na kadi ya miezi sita isiyo na mwenyewe. Programu za kuiendesha zikaacha kutoka kwa waliozitengeneza, na Windows mpya ikawa njiani. Baadhi ya mashabiki wakajifunga kibwebwe na kuanza kuzitengeneza wenyewe, bila malipo, na waliendelea miaka kadhaa.

Jina la SLI nalo lilifufuka mwaka 2004, safari hii chini ya nembo ya NVIDIA na likiwa na maana nyingine. Ile 6000 haikuuzwa dukani hata siku moja. Vipande vichache vya majaribio viliponyoka kiwandani, na vimekuwa vinapita kwa wakusanyaji. Mwaka 2023 kimoja kiliuzwa mtandaoni kwa dola 15,000, mara 25 ya bei iliyotajwa na 3dfx.