Wale Wengine ni Nani? Picha ya Sayyid Barghash

Mtu akiitazama picha ile ya Sayyid Barghash bin Said, ameketi London mwaka 1875 pamoja na wakuu wake, neno la kwanza aulizalo ni hili: wale wengine ni nani? Sisi tuliwaonyesha wazee wa Tanga nakala yake. Mzee mmoja aligusa sura moja kwa kidole, akasema, "Huyu ni babu yangu mzaa baba." Barazani pote pakawa kimya.

Hatukuthubutu kumkanusha wala kumwitikia. Maana jina likiisha kuandikwa kwa wino chini ya picha, watoto hulisoma kuwa ni kweli.

Basi tulianza na mwaka. Mathews, ambaye watu hupenda kumwona katika kila picha ya zamani zile, alianza kufunza askari wa Sayyid mwaka 1877, asitafutwe humo. Mavazi nayo husaidia, ila kwa kiasi: kilemba, joho na jambia humwonyesha mtu wa cheo, bali hayasemi jina lake. Mgeni huandika "Waarabu", akapita.

Tena tuliuliza ni nani waliosafiri. Dk. John Kirk, balozi wa Waingereza, alifuatana na Sayyid. Padre George Percy Badger, aliyekijua sana Kiarabu, alikuwa mkalimani. Zahir bin Said, karani, aliandika habari za safari, zikapigwa chapa mwaka 1878. Tharia Topan naye alikuwamo safarini, Mhindi wa asili ya Kutch. Huyu yatupasa sisi watu wa Mrima tumjue zaidi, kwa kuwa mwaka uliofuata alikodi forodha ya Sayyid, na pembe zilizoshuka Pangani na Tanga zikatozwa ushuru na watu wake. Lakini kusafiri si kupigwa picha. Orodha ya wasafiri yatuonyesha tu wale walioweza kuwamo.

Tulirudi kwa yule mzee, tukamwuliza babuye alizaliwa lini. Mwaka hakuujua, ila alisikia kwamba alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati Abushiri alipopigana na Wadachi. Vita ile ilianza mwaka 1888. Mzee akahesabu kwa vidole, akacheka kidogo, akasema, "Basi labda ni baba yake babu."

Tukachukua penseli, tukaandika jina la Sayyid peke yake.