TV imekuwa nyembamba, kabati je? Meza ya televisheni ilivyobadilika majumbani

Katika nyumba nyingi za Kondoa bado kuna kabati kubwa la mbao sebuleni, lenye nafasi pana katikati. Ndani yake imesimama TV nyembamba, na nyuma yake pamebaki wazi. Kabati hilo lilitengenezwa kwa TV ya aina nyingine.

Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1973. Huku Bara tulisubiri hadi 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza. Televisheni ya taifa, TVT, ambayo leo ni TBC, ilifuata mwaka 2000.

TV za wakati huo zilikuwa za chogo. Ya inchi 21 iliweza kufika kilo 20 au zaidi. Fundi seremala alilazimika kutengeneza kabati lenye kina kirefu na miguu imara, na mwenye uwezo alichagua mninga. Mengine yaliwekwa milango na kufuli, maana TV ilikuwa mali, na jioni majirani walijaa kuja kuangalia. Juu palitandikwa kitambaa cha kufuma. Chini ilikaa deki na, pasipo na umeme, betri ya gari.

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam, kisha mikoa mingine ikafuata. King'amuzi nacho kikahitaji mahali pa kukaa. TV bapa zilipoenea, meza zikawa fupi na nyembamba, na wengine wakaitundika TV ukutani.

Hapa ndipo tunapoomba uangalifu. TV bapa ya inchi 32 ina kilo chache tu, hivyo mtoto akiivuta inaanguka. Ya chogo nayo uzito wake mwingi uko mbele, kwenye kioo. Ikimwangukia mtoto inaweza kumuua.

Fanya haya:

- Weka TV kwenye meza fupi na pana, si juu ya kabati la nguo.
- Isogeze nyuma, uifunge kwa mkanda imara kwenye meza au kabati lenyewe.
- Usiweke rimoti wala kitu cha kuchezea juu yake. Mtoto atapanda kukifuata.
- Nyaya zisining'inie mbele.
- Kama ukuta ni wa udongo au tofali mbichi, usitundike TV. Skrubu hazishiki vizuri, na udongo humeguka. Ukuta wa tofali za kuchoma na saruji unafaa, ila kazi hiyo mpe fundi.

Na lile kabati la zamani? Usilipasue kuni. Mwombe seremala afunge ubao imara nyuma ya ile nafasi, TV ifungwe hapo, na aache upenyo wa hewa. Kabati zito lililokaa sawasawa sakafuni ni salama kuliko meza mpya inayotikisika.