KIHAMBA, KUNI NA MSITU WA NUSU MAILI

Ndugu Mhariri ameniomba niandike kidogo juu ya historia ya kujitegemea. Wengi wetu tuliosoma hapa tukilisikia neno hilo hukumbuka jembe na shamba la shule. Mimi nitapanda Kilimanjaro, kwani Wachagga walijitegemea kwa namna yao zamani kabla ya Azimio la mwaka 1967.

Msingi ulikuwa kihamba. Migomba ilitoa chakula na kivuli. Chini yake magimbi na viazi vikuu, juu yake miti mikubwa kama mruka. Ng'ombe alifungwa zizini akakatiwa majani na migomba, na samadi yake ikairudia migomba ile ile. Maji yaliletwa kwa mifereji iliyochimbwa na kusafishwa kwa kazi ya pamoja. Kahawa ilipofika mwishoni mwa karne ya 19 haikuifukuza migomba, bali ilipewa nafasi kivulini. Hata chama cha KNCU kilipoundwa mwaka 1933, mkulima aliuza kahawa akala ndizi zake. Bei ikianguka alikosa fedha ya kodi na ada, hakukosa mtori.

Lakini wasomi wanaokisifu kihamba husahau jiko, na mtori hauivi kwa jua! Watu walipoongezeka na vihamba kugawanywa kwa wana, matawi hayakutosha tena. Mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa upana wa nusu maili ukingoni mwa msitu wa hifadhi, ili wananchi wapate kuni na mbao, chini ya baraza lao wenyewe. Nami ni mtumishi wa Serikali, nasema bila kinyongo: mpango huo wa kikoloni ulikuwa bora kuliko mingine iliyoufuata, maana mkata kuni alimjua wa kumwuliza. Baada ya Uhuru usimamizi ulikwenda Serikali Kuu, na mwaka 1972 hata halmashauri za wilaya zikafutwa. Mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ilipanuliwa ikauchukua msitu, na kutafuta kuni humo kukawa na masharti makali zaidi.

Mwaka 2011 FAO ilikitambua kilimo cha vihamba vya Shimbwe Juu kuwa urithi wa dunia wa kilimo. Ng'ombe wa zizini yupo hadi leo, na samadi yake yaweza kutoa gesi ya kupikia. Ila mtambo wa nyumba moja huhitaji ng'ombe wasiopungua wawili na maji kila siku, na vijana wengi wamerithi kihamba kisichoweza kumlisha hata mmoja.