Lenzi za Siku Moja, Si Lenzi za Kila Siku

Lenzi laini inayokaa juu ya jicho lenyewe, bila fremu ya kuishikilia, imeingia katika Kiswahili kabla ya kupata jina moja linalokubalika. Wengi husema lenzi tu, wengine lenzi za macho, na katika maandishi ya kitaalamu hukutwa lenzi mguso. Aina yake inayovaliwa asubuhi na kutupwa usiku huohuo ina utata zaidi. Jina lake la Kiingereza limeunganisha maneno mawili, la kwanza likimaanisha "ya kila siku" na la pili "ya kutupwa", na anayetafsiri kwa haraka hulishika la kwanza na kuliacha la pili. Ndipo zinapozaliwa "lenzi za kila siku". Hoja ya makala haya ni kwamba tafsiri hiyo ina hatari, na kwamba jina linalofaa ni lenzi za siku moja. Kwa istilahi ya kitu kinachowekwa jichoni, kulingana na neno la kigeni hakutoshi. Inapaswa kupimwa pia kwa jambo ambalo msikilizaji asiye na karatasi ya maelekezo atalifanya baada ya kuisikia.

Wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara zinafaa kuipima hoja hii. Watu wengi wa huko huanza na Kikurya, Kingoreme, Kiikoma, Kinata au Kiisenye nyumbani, kisha Kiswahili kikawa lugha yao ya shule, soko na hospitali. Kiingereza kilichochapwa kwa herufi ndogo juu ya pakiti ya lenzi kinawafaa wachache. Mazingira nayo yanadai uangalifu: kuna vumbi la barabara za udongo zinazoelekea hifadhini, vumbi la mawe katika machimbo ya Nyamongo, na maji ya matumizi yanayotoka visimani, Mto Mara au, kwa mji wa Mugumu, bwawa la Manchira. Kidonda kibaya cha jicho kinaweza kumlazimu mgonjwa asafiri hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza. Pale ambapo mtaalamu yuko mbali hivyo, jina la kifaa linabeba sehemu ya kazi ya mtaalamu.

Tuanze na sehemu ya kwanza ya jina, yaani lenzi yenyewe. "Lenzi ya jicho" tayari ina mwenyewe: ni ile lenzi ya asili iliyo ndani, nyuma ya mboni, ambayo ikipata ukungu huitwa mtoto wa jicho. Katika upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari huitoa na kuweka lenzi bandia ambayo hubaki humo maisha yote. Mzee wa Mugumu aliyewekewa lenzi bandia na msichana wa Tarime aliyenunua lenzi za rangi kwa ajili ya harusi wana vitu viwili tofauti kabisa, kimoja ni cha kudumu na kingine hakipaswi kulala jichoni hata usiku mmoja. Wote wawili wakisema "nina lenzi za macho", mhudumu wa zahanati anaweza kukosa kuuliza swali la lazima. Lenzi mguso inaondoa mkanganyiko huo. Ni kweli kwamba lenzi hiyo huelea juu ya utando mwembamba wa machozi, lakini neno mguso linatosha kumwambia msikilizaji kwamba kitu hiki kiko juu ya jicho na kinashikwa kwa vidole, kwa hiyo usafi wa vidole ni sehemu ya matumizi yake.

Sasa sehemu ya pili ya jina. "Kila siku" katika Kiswahili hueleza desturi inayorudiwa: nguo za kila siku ni zile unazozivaa, ukazifua na kuzivaa tena. Anayeambiwa hizi ni lenzi za kila siku ana haki ya kuelewa kwamba anaweza kuzivaa leo, kesho na keshokutwa. "Siku moja" haina mlango huo. Inataja mwisho wa matumizi, na msikilizaji hahitaji maelezo ya ziada ili ajue kwamba kesho anahitaji jozi nyingine. Ningeweza kupendekeza "za kutumia mara moja", lakini mara moja ina maana ya haraka vilevile, tena mtu anaweza kujiuliza kama kulala nazo hadi asubuhi bado ni mara moja. Historia ya afya nchini inaonyesha kuwa kanuni ikishikamana na jina inaweza kuenea. Tangu miaka ya UKIMWI, wazo la sindano ya kutumiwa na mtu mmoja na kutupwa limewafikia hata watu wasiowahi kusoma kitabu cha uuguzi. Lenzi inahitaji msaada wa lugha wa namna hiyohiyo.

Sababu za kanuni hiyo zimo katika kifaa chenyewe. Mkemia Otto Wichterle wa Chekoslovakia ndiye aliyefanikisha lenzi laini mwaka 1961, kwa kutumia plastiki inayonyonya maji, na Marekani iliziruhusu kuuzwa mwaka 1971. Zaidi ya theluthi moja ya plastiki ile ya mwanzo ni maji, na sifa hiyohiyo inayoifanya iwe laini ndiyo inayoiwezesha kushika uchafu, protini za machozi na vijidudu. Konea, ambayo wahudumu wengi humwelezea mgonjwa kuwa ni kioo cha jicho, haina mishipa ya damu. Hupata sehemu kubwa ya oksijeni yake kutoka hewani kupitia machozi. Mtu akilala na lenzi, kope na lenzi kwa pamoja huinyima konea hewa hiyo, nayo hudhoofika mbele ya bakteria. Maji nayo, hata yaliyo safi kwa kunywa, yanaweza kuwa na amiba wa jamii ya akanthamiba, anayesababisha kidonda cha konea chenye maumivu makali na kigumu kutibika. Kwa hiyo onyo la maji linahusu maji ya bomba, ya kisima na ya mto bila tofauti.

Hapa kuna pingamizi lenye uzito. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta maambukizi ya konea kwa watu kama 2 katika kila wavaaji 10,000 wa lenzi za siku moja kwa mwaka, karibu sawa na wavaaji wa lenzi laini nyingine zinazovuliwa kabla ya kulala. Basi jina zuri lina faida gani? Takwimu hizohizo zinajibu: kwa waliolala na lenzi laini, idadi ilifika kama 20 katika 10,000, yaani mara kumi. Uchunguzi wa hospitali ya Moorfields, London, wa mwaka huohuo nao ulionyesha kwamba maambukizi yaliyowapata watumiaji wa lenzi za siku moja hayakuelekea sana kuharibu uwezo wa kuona. Usalama, basi, hauko ndani ya pakiti. Uko katika kuivua lenzi na kuitupa kwa wakati wake. Kama tabia ndiyo inayookoa jicho, jina linaloelekeza tabia lina kazi ya kweli.

Maneno mengine ya kifaa hiki yapimwe kwa kipimo hicho. Vitenzi kuvaa na kuvua vinafaa kuliko kuweka na kubandika, kwa kuwa kinachovaliwa hutarajiwa kuvuliwa. Kile kimiminika cha kusafishia lenzi za muda mrefu kisiitwe "maji ya lenzi", kwa sababu chupa ikiisha, jina hilo linamwelekeza mtu kwenye ndoo. Kiitwe dawa ya kusafishia lenzi. Mwenye lenzi za siku moja haihitaji hata hiyo. Anachohitaji ni kunawa mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri kwa kitambaa safi, kuanza na jicho lilelile kila mara ili asichanganye, kuangalia kama lenzi imepinduka, na kuishika kwa ncha ya kidole bila kucha. Asiilowanishe kwa mate wala maji, aivue kabla ya kuoga, kuogelea au kulala, kisha aitupe. Iliyodondoka chini haina dawa, itupwe. Jicho likiuma, likiwa jekundu, likiogopa mwanga au likiona ukungu, lenzi ivuliwe na mtu aende kliniki ya macho siku hiyohiyo. Asinunue matone yenye steroidi kwa kubahatisha katika duka la dawa, wala asitie dawa za mitishamba, kwani vyote viwili vinaweza kukigeuza kidonda kidogo kuwa kovu la kudumu.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mjadala wa Dar es Salaam, kwa kuwa mwenye uoni hafifu wa Tarime anahitaji miwani kwanza. Nakubaliana nao kuhusu miwani. Asiyeweza kumudu jozi mpya kila siku achague miwani, na mwenye lenzi awe na miwani ya akiba kwa siku za vumbi au macho mekundu. Lakini lenzi za rangi za urembo hazingoji cheti cha daktari. Huuzwa mtandaoni na kupita kutoka mkono hadi mkono, hata kuazimana kati ya maharusi, na wanaozivaa huziona kama vipodozi. Hawa ndio wanaohitaji jina lenye onyo kuliko mgonjwa aliyekwisha kukaa mbele ya mtaalamu.

Pingamizi la mwisho ni la wanaistilahi: lenzi mguso za siku moja ni jina refu. Ufupi ni sifa njema, lakini usahihi na uwazi ni sifa pia, na zikigongana kwenye jambo la afya, ufupi ndio unaopaswa kusubiri. Katika mazungumzo, lenzi za siku moja litatosha. BAKITA, chombo kilichopewa tangu mwaka 1967 jukumu la kuendeleza lugha hii, lilisanifishe jina hili pamoja na wataalamu wa macho. Wahudumu wa Tarime na Mugumu wasisubiri. Waanze kulitumia leo kwa kila anayewauliza. Nawe msomaji, ukimsikia mtu akisema lenzi za kila siku, msahihishe kwa upole, kisha muulize kama za jana amezitupa.