Siku Nne Kando ya Mto

Mwaka 1909 afisa wa serikali ya kikoloni, A. C. Hollis, alichapisha kitabu kuhusu Wanandi wa magharibi mwa Kenya. Humo alieleza utaratibu uliomngoja Mnandi aliyemuua mtu wa kabila jingine. Hakwenda nyumbani. Alijipaka rangi nyekundu upande mmoja wa mwili na nyeupe upande wa pili, mkuki na upanga wake vivyo hivyo, akajijengea kibanda kando ya mto, akakaa humo siku nne. Hakumkaribia mke wala mchumba, na chakula chake kilikuwa kile tu kilichoruhusiwa na mila. Siku ya nne ilipokwisha alikunywa dawa kali ya kuharisha iliyotokana na magome ya mti, akanywa na maziwa yaliyochanganywa na damu ya ng'ombe, ndipo akarudi kwa watu.

Mwenye haraka atauita ushirikina. Lakini utaratibu huo ulikiri jambo ambalo majeshi makubwa ya karne ya 20 yalichelewa sana kulikubali: kwamba aliyeua, hata akiwa ameua kwa haki na kwa faida ya watu wake, harudi kama alivyoondoka, na kwamba kumrudisha ni kazi ya wengi. Rangi mwilini ilimwambia kila mpita njia kwamba huyu hajawa tayari bado. Hakulazimika kujieleza.

Miaka thelathini na kitu baadaye, vijana wa Kinandi walikuwa miongoni mwa waliotafutwa sana na maafisa wa King's African Rifles, jeshi ambalo wananchi walilifupisha wakaliita Keya. Wakamba nao walipendwa, kwa imani ya Waingereza kwamba kuna makabila yaliyozaliwa kwa ajili ya vita. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, ubaguzi huo wa kuchagua ulilegezwa, na Afrika Mashariki ikatoa askari zaidi ya 300,000. Wengine walikwenda wenyewe kwa ajili ya mshahara. Wengine walipelekwa na machifu.

Baba zao walikuwa wamekwisha kuonja. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwabeba wanaume wa eneo hili kama wapagazi, na wengi mno walikufa kwa njaa, kuhara na malaria. Mitaa ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi inabeba hadi leo jina la kikosi hicho cha wapagazi. Hakuna daktari aliyewauliza waliorudi walikuwa wakiota nini usiku.

Katika Vita Kuu ya Pili, walioelekea Asia walianza kuonja uchungu kabla ya kufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Waliobaki walikuwa wakielea majini pale manowari za Kiingereza zilizowasindikiza zilipoanza kuitafuta ile nyambizi, zikaangusha mabomu ya chini ya maji katikati ya watu wao wenyewe. Nyambizi ilizamishwa. Walionusurika walikuwa zaidi kidogo ya mia mbili, na kila mmoja wao aliondoka pale akijua kwamba mabomu ya mwisho yalirushwa na upande wake.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Burma katikati ya 1944, wakati wa masika ya Asia, ambayo huyafanya masika yetu yaonekane manyunyu. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza Wajapani walioshindwa Imphal, nchini India, kwa kulifuata bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Barabara ziligeuka matope na chakula kikaangushwa kwa ndege. Malaria na homa ya vichakani inayoenezwa na utitiri viliwaangusha watu wengi. Vidonge vya kuzuia malaria viligeuza ngozi rangi ya manjano. Walipopita Tamu waliukuta mji umejaa maiti za Wajapani waliokufa kwa majeraha, maradhi na njaa. Hapa mtu asome kwa makini. Kwa Mkikuyu wa enzi hizo kugusa maiti tu kulileta thahu, unajisi ambao haukuondoka mpaka mganga amtakase mtu kwa ibada maalumu. Kijana aliyekulia katika imani hiyo alilala, akala na kutembea kati ya maiti kwa majuma.

Tarehe 2 Desemba 1944 askari wa divisheni hiyo waliiteka Kalewa, mji ulio kando ya Chindwin. Wahandisi wakajenga hapo daraja la vyuma lenye urefu wa mita 350 hivi, na jeshi la Uingereza likavuka kuelekea ushindi. Divisheni ya 11 ikarudishwa nyuma kupumzika.

Kisha wakarudi nyumbani. Safari ilikuwa meli, treni, kambi ya kuachishwa jeshi, nguo za kiraia na kiinua mgongo. Kiinua mgongo chenyewe kilipimwa kwa rangi ya ngozi: katika vikosi vya kikoloni askari Mzungu wa cheo cha chini alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika shilingi tatu na nusu. Nchini Kenya Wazungu waliopigana walifunguliwa mpango wa kupewa mashamba. Mwafrika alivaa tena kipande, kitambulisho cha lazima kwa Waafrika.

Je, Waingereza hawakujua kwamba vita huumiza akili? Walijua vizuri. Februari 1915 daktari Charles Myers alieleza katika jarida la Lancet habari za askari waliopoteza kuona, kunusa na kukumbuka baada ya makombora kulipuka karibu nao. Huko Scotland, hospitali ya Craiglockhart iliwatibu maafisa wa aina hiyo. Mshairi Siegfried Sassoon alikaa humo mwaka 1917, na daktari wake, W. H. R. Rivers, aliwahimiza wagonjwa wayaseme waliyoyaona badala ya kuyazika. Huruma hiyo ilikuwa na mipaka hata kwao. Katika vita vya 1914 hadi 1918 zaidi ya askari 300 wa jeshi la Uingereza walipigwa risasi na wenzao kwa amri ya mahakama za kijeshi, wengi kwa kosa la kutoroka, na msamaha wa jumla ulitolewa mwaka 2006. Tena Craiglockhart ilikuwa ya maafisa. Keya, kwa upande wake, iliendelea kuwachapa askari wake viboko miongo mingi baada ya jeshi la Uingereza lenyewe kuviacha mwaka 1881.

Mjini Nairobi palikuwa na hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910 na kugawanywa kwa rangi. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari wa kawaida aliyekabidhiwa wagonjwa wa akili bila kusomea taaluma hiyo kwanza. Alikuwa na nafasi ambayo watafiti wengi wangeitamani: miaka yote ya vita na miaka ya kurudi kwa askari ilipita mbele ya mlango wake. Alichokiona ni kitu kingine. Aliandika kwamba Waafrika hawapatwi mno na huzuni nzito ya kiugonjwa, na kwamba wanaoishi mbali na kwao ndio hupatwa zaidi na wazimu. Mwaka 1951 alifika hadi kumlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mtu anayeaminiwa kutopatwa na huzuni nzito hawezi, kwa hesabu hiyo, kuumwa nayo. Huenda ndiyo maana ni vigumu kumpata askari wa Burma katika maandishi ya tiba ya akili ya Kenya ya wakati ule.

Mzigo ukaangukia nyumbani, na nyumbani nako kulikuwa kumebadilika. Misheni zilikuwa zimewafundisha Wakristo kuziona ibada za utakaso kuwa za kipagani. Hata pale wazee walipokuwa tayari, ibada yenyewe ilitungwa kwa ajili ya mtu aliyeua kwa mkuki na kumwona aliyemuua. Aliyerusha kombora la mota ndani ya ukungu wa Kabaw apakwe rangi kwa ajili ya maiti ngapi? Na zile siku nne za kando ya mto zilikuwa zimekwisha kuliwa na majuma ya melini, pamoja na wenzake, chini ya amri ya sajenti.

Waruhiu Itote wa Nyeri alikuwa koplo wa Keya huko Burma. Katika kitabu chake cha 1967 anakumbuka askari wa Kiingereza aliyemuuliza yeye Mwafrika anapigania nini hasa. Alirudi, akafanya kazi ya reli, akaingia msituni na kuwa Jenerali China wa Mau Mau, uasi dhidi ya serikali ya kikoloni, akakamatwa Januari 1954.

Mwaka huohuo serikali ya Kenya, iliyokuwa haijajali akili za askari wake, iliona ghafla haja ya kumwita mtaalamu wa akili. Ilimwita Carothers. Katika ripoti yake, iliyochapishwa na mpiga chapa wa serikali, aliueleza uasi kuwa wasiwasi wa watu waliokatika na mila zao za zamani kabla hawajashika mpya, na akashauri wakusanywe vijijini. Wakikuyu zaidi ya milioni moja walihamishiwa katika vijiji vilivyolindwa kwa mitaro, miiba na bunduki.