Maneno ya Kiingereza Yafananayo kwa Sauti

Maneno ya Kiingereza yafananayo kwa sauti, ambayo wanaisimu huyaita homofoni, ni yale ambayo sikio huyapokea kuwa neno moja, ilhali kalamu huyaandika kwa herufi mbalimbali, na kila moja lina maana yake. Kiswahili nacho kina mfano wake: paa ni mnyama wa porini, ni sehemu ya juu ya nyumba, na ni kitendo cha ndege kwenda angani, lakini sisi huyaandika yote kwa herufi zile zile, tukauachia muktadha hukumu.

Asili ya tatizo ni kwamba ulimi wa Waingereza ulihama na hati yao ikabaki. William Caxton alipoanza kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, tahajia ilianza kuganda, na hali irabu ndefu zilikuwa zingali zikigeuka, katika mageuzi yaliyodumu takriban tangu mwaka 1400 hata 1700. Ndiyo sababu “meet”, kukutana, na “meat”, nyama, ambayo zamani yalikuwa na lafudhi mbili, leo yana moja. “Knight”, askari mpanda farasi mwenye daraja, lilitamkwa kwa k yake, na gh yake ilikaribia kh ya Kiarabu. Sauti hizo zilipokufa, likawa sawasawa na “night”, usiku. Kinyume chake, “flower”, ua, na “flour”, unga, ni neno moja la asili ya Kifaransa, kwa kuwa unga mzuri uliitwa ua la ngano. Hata kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 haikuyatenga.

Makosa hudhihiri zaidi katika maandishi ya heshima. Mwombaji wa nafasi ya masomo aandikapo “principle” mahali pa “principal”, barua yake huwa imeiamkia kanuni, na mkuu wa chuo hakusalimiwa. Kadhalika “stationary” ni kilichosimama pasipo kwenda, na “stationery” ni karatasi, bahasha na vifaa vya kuandikia.

Basi mwanafunzi wa lugha hii asilifanye sikio lake kuwa kadhi wa imla. Na ajifunze kila neno ndani ya sentensi yake, aliandike kwa mkono wake mara nyingi, na aulize asili yake, maana herufi isiyotamkwa aghalabu ni kumbukumbu ya sauti iliyokuwapo.