Taasisi ya Mzee Mkapa na Nesi wa Pembezoni

Kulikuwa na wakati barua ya kupangiwa kituo ikisomeka "Masasi" au "Newala", nesi kijana wa Dar es Salaam alikuwa na njia mbili za kujiokoa: atafute wa kubadilishana naye kituo, au aolewe haraka mjini ili aombe uhamisho wa kumfuata mume. Aliyekosa vyote viwili alifunga begi, akapanda basi la Kusini na kwenda kusubiri kivuko cha Ndundu kwenye mto Rufiji. Masika yakiwa yamechachamaa, basi lilinasa kwenye matope na abiria walilala njiani. Akifika Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, jambo la kwanza alilojifunza lilikuwa bei ya ndoo ya maji, maana chemchemi ziko chini ya mteremko na watu wanaishi juu. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anatafuta namna ya kuondoka.

Historia ya Taasisi ya Benjamin Mkapa ni historia ya huyo nesi. Hotuba za kumbukizi ya Mkapa hupenda kuanzia Ikulu, lakini ukitaka kuielewa taasisi, anzia kwao Kusini, kwenye bonde la mto Lukuledi.

Benjamin William Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, tarehe 12 Novemba 1938, kitinda mimba katika watoto wanne wa Mzee William Matwani na Mama Stephania Nambanga. Katika nchi ile, tiba ilikuwa shughuli ya misheni kabla haijawa ya serikali. Wamisionari Waanglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876 wakiwa na watu waliokombolewa utumwani. Wabenediktini walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895. Vita vya Maji Maji vikaikumba mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakaanza upya Ndanda, chini ya kingo za uwanda wa Makonde. Hapo Ndanda, kuanzia mwaka 1927, alifanya kazi Sista Thekla Stinnesbeck, daktari, na hospitali ikakua hadi watu wakawa wanatembea siku kadhaa kuifuata. Mtoto wa Lupaso aliyesoma Ndanda aliuona mapema ukweli ambao wizara ilichukua muda mrefu kuukubali: daktari akikaa kijijini miaka mingi, wagonjwa humfuata, akihama, jengo hubaki na popo.

Safari yake nyingine inajulikana, tusiichoshe. Shule za Kigonsera na Pugu, kisha Makerere alikohitimu mwaka 1962. Uhariri wa magazeti ya chama na serikali. Uwaziri wa mambo ya nje. Ubunge wa Nanyumbu. Kisha urais, kuanzia Novemba 1995 hadi Desemba 2005.

Urais huo ndio unaoifanya taasisi hii iwe na utamu wa kusimuliwa, na uchungu kidogo. Mkapa aliikuta serikali imefungwa na masharti ya wakopeshaji: ajira mpya zimezuiwa, watumishi wanapunguzwa, wagonjwa wameanza kuchangia matibabu. Alizifuata sera hizo kwa nidhamu, deni la taifa likapata msamaha, barabara zikajengwa, na Agosti 2003 daraja lenye jina lake likafunguliwa Rufiji, kivuko cha Ndundu kikastaafu. Lakini vyuo viliendelea kutoa wauguzi na matabibu ambao serikali haikuwa na ruhusa ya kuwaajiri, huku zahanati za vijijini zikibaki na mhudumu mmoja anayepima, anayechoma sindano, anayezalisha na anayefagia. Katikati ya hali hiyo UKIMWI ulikuwa unaua. Mkapa alitangaza kuwa ni janga la kitaifa, akaunda Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS), na kufikia mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure. Dawa zilipatikana. Wa kuzitoa, huko zinakohitajika, hakuwepo.

Kwa hiyo mwaka 2006, miezi michache baada ya kukabidhi Ikulu, alianzisha taasisi yenye jina lake, akishirikiana na taasisi ya Bill Clinton, rais mstaafu wa Marekani. Mwanzoni ilijikita kwenye UKIMWI peke yake. Mimi naiona kama mtu aliyerudi kumalizia kiporo alichokiacha mezani. Wengine wataona nimemwonea, kwani masharti yale hakuyatunga yeye. Ila huwezi kuielezea kazi ya taasisi bila kutaja pengo lililoizaa.

Mpango wa kwanza mkubwa wa taasisi ulikuwa mwepesi kueleza. Daktari, tabibu, muuguzi au mtaalamu wa maabara aliajiriwa kwa mkataba, akafundishwa huduma za watu wenye virusi, akapelekwa kwenye halmashauri ngumu kufikika, akalipwa vizuri kuliko kawaida. Sharti la maana lilikuwa upande wa pili: mkataba ukiisha, halmashauri imchukue na kuingiza jina lake kwenye mishahara ya serikali. 

Halafu ikaonekana kwamba mshahara hautoshi kama mtu hana pa kulala. Nesi wa zahanati ya mbali hupanga chumba kwa mwanakijiji, paa linavuja, hakuna umeme, na mjamzito akija saa nane usiku lazima mtu atumwe na tochi kumwamsha. Taasisi ikaanza kujenga nyumba jirani na vituo, kwa fedha za Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Julai 2017, huko Chato, Mkapa alimkabidhi Rais Magufuli, waziri wake wa zamani, nyumba 50 za watumishi wa afya katika mikoa ya Geita, Simiyu na Kagera. Si Masasi wala Newala, mtaona. Pembezoni ya Tanzania ina pande nyingi.

Nyumbani kwake, Mkapa alikuwa mume wa Mama Anna tangu mwaka 1966 na baba wa watoto wawili wa kiume. Mama Anna naye alikuwa na kazi yake: mwaka 1997 alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote, uliowafundisha wanawake wajasiriamali kufungasha bidhaa na kuzipeleka kwenye maonyesho ya Sabasaba. Ilikuwa nyumba ya watu wawili wenye taasisi mbili. Novemba 2019, siku aliyotimiza miaka 81, Mzee alizindua kitabu cha maisha yake, na humo akakiri kwamba mauaji ya waandamanaji huko Pemba, Januari 2001, yaliutia doa urais wake. Viongozi wetu wangapi wamewahi kuandika hivyo wakiwa hai?

Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 24 Julai 2020. Familia ilieleza kwamba alikuwa amelazwa akitibiwa malaria, kisha moyo ukasimama. Alizikwa Lupaso tarehe 29, na waombolezaji wa kutoka Dar es Salaam walipita juu ya daraja lake kwenda kumzika.

Usarifu wa taasisi ulichukuliwa na Dkt. Hussein Mwinyi, Rais wa Zanzibar na daktari kwa taaluma, na kila Julai hufanyika kumbukizi. Kazi zimepanuka: uzazi salama, kifua kikuu, mifumo ya watumishi wa afya. Fedha, kwa sehemu kubwa, bado zinatoka kwa wahisani wa nje, na mradi wa mhisani una tarehe ya mwisho. Ndiyo maana sharti lile la siku za mwanzo lina uzito hadi leo: mkataba wa muuguzi unapokaribia kwisha, mkurugenzi wa halmashauri awe na kibali cha ajira mkononi, la sivyo zahanati itarudi kuwa na mhudumu mmoja.